Presha na kisukari vya ukubwani vinaanzia tumboni? Wa Moshi na Arusha tukutane hapa

Tabibu_Uchagani (mleta uzi)

Wakuu heshima kwenu. Naleta hii mada nikiwa na hasira kidogo, mtanisamehe. Siku hizi mtu akipimwa presha au sukari anaambiwa punguza chumvi, acha kitimoto, tembea kwa miguu, halafu anarudi nyumbani kichwa chini kama vile kajitakia. Ushauri sio mbaya. Ila kuna kipande cha kabla hujazaliwa hakisemwi kabisa, na kikisemwa basi anasimangwa mama.

Mi nipo zahanati huku Moshi vijijini, kupima wajawazito na watoto ndo kazi yangu ya kila siku. Kwenye mizani ya mtoto mchanga tuna mpaka wetu, kilo mbili na nusu. Chini ya hapo anaandikwa uzito pungufu, mama anaelekezwa kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, anyonye, tunamfuatilia, akivuka tunafurahi na habari inaishia hapo. Ndo swali langu: inaishia hapo kweli?

Kulikuwa na daktari Mwingereza, David Barker, wa Southampton, alifariki 2013. Yeye na mtakwimu Clive Osmond walichukua ramani ya vifo vya watoto wachanga vya 1921 mpaka 1925 wakailinganisha na ya watu wazima waliokufa kwa moyo kati ya 1968 na 1978. Zikafanana mno. Na wakati huo moyo ulikuwa unaonekana ni ugonjwa wa walioshiba, sasa mbona unaua zaidi kwenye mikoa iliyokuwa na dhiki? Walichapisha 1986 na wengi hawakuwaamini. Barker hakukaa, akaanza kusaka madaftari ya zamani ya wakunga nchi nzima, akapata ya Hertfordshire, ambako mama mmoja msimamizi wa wakunga, Ethel Margaret Burnside, alikuwa amesimamia kazi hiyo tangu 1911, kila mtoto apimwe akizaliwa na apimwe tena akitimiza mwaka, iandikwe. Wakafuatiliwa wanaume zaidi ya 5,000 wa kwenye madaftari yale. Waliokuwa wadogo zaidi utotoni ndio waliokufa zaidi kwa moyo ukubwani. Hiyo ilitoka 1989.

Inakuwaje sasa. Mtoto tumboni akikosa virutubisho hafi hapohapo, anabana matumizi. Ubongo unapewa kwanza, figo na ini na kongosho vinasubiri, kama fundi aliyepewa simenti pungufu anayemaliza sebule na kupunguza vyumba vya uani. Chukulia figo. Vile vichujio vyake vinaumbwa vyote tumboni, karibu na wiki ya 36 kazi imeisha na haviongezwi tena maisha yako yote. Aliyezaliwa na vichache anavitumikisha zaidi, na huko mbele presha inaweza kupanda huku mwenyewe chumvi hata hapendi.

Karibuni.

mangi_wa_kati

Mkuu nimekusoma ila naona unazunguka mbuyu. Kisukari ni cha ukoo. Kwetu babu alikuwa nacho, mzee anacho, baba mdogo kakatwa mguu, mi mwenyewe nasubiri zamu yangu tu. Tumbo la mama linaingiaje hapo?

Tabibu_Uchagani

Ukoo upo mangi, sikatai. Ila angalia kilichotokea Uholanzi mwisho wa vita kuu ya pili. Septemba 1944 wafanyakazi wa reli waligoma ili kuwakwamisha Wajerumani, Wajerumani wakalipiza kwa kuzuia chakula kuingia magharibi mwa nchi, juu yake ikaja baridi kali mifereji ikaganda boti hazipiti. Mgao wa mtu mzima Amsterdam ukaporomoka chini ya kalori 1,000 kwa siku, kuna kipindi ukawa kati ya 400 na 800. Watu walikula viazisukari na vitunguu vya maua ya tulipu, walikufa kama 20,000. Mei 1945 nchi ikakombolewa na chakula kikarudi.

Sasa kwa mtafiti hiyo ni njaa ya ajabu, ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na wakunga waliendelea kuandika. Waliokutwa na njaa miezi ya mwisho ya mimba walizaliwa wadogo, na ukubwani sukari inawasumbua. Lakini waliokutwa miezi ya mwanzo, mama akaja kula vizuri baadaye, walizaliwa na kilo zao za kawaida kabisa. Mizani isingekwambia kitu. Na hao ndo walioonekana kuwa na magonjwa ya moyo zaidi, mafuta mabaya kwenye damu, hata skizofrenia, ule ugonjwa wa akili, zaidi.

Kwenye ukoo sasa: 2008 walilinganisha ndugu wa tumbo moja, mmoja alikuwa tumboni wakati wa njaa, mwenzie hakuwa. Wakaangalia alama za kikemia zinazokaa juu ya jeni, zile zinazoamua jeni isemeje, kwenye jeni moja ya ukuaji inaitwa IGF2. Zilikuwa tofauti, miaka kama 60 imepita! Ukoo uleule mama yuleyule.

MamaPacha_Sakina

Dah. Yani hao Waholanzi waliokula maua ndo haohao tunaowapelekea maua yetu kwa ndege.

Mi niseme la kwangu. Nimefanya kazi shamba la maua huku upande wa Usa River kabla sijahamia biashara. Nikiwa na mimba ya hawa mapacha nilikuwa kwenye grinhausi, joto la humo unalijua mwenyewe, asubuhi wanapuliza dawa na ule muda wa kusubiri ikauke msimamizi anaukata kwasababu oda ya wapendanao inatakiwa uwanja wa ndege. Nikamwomba anihamishie kwenye kufunga maua, akanijibu mimba sio ugonjwa dada. Nilikuwa nasimama mpaka miguu inavimba, viatu havivuliki, nakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa wifi yangu ananivua. Kliniki naambiwa nipumzike nile vizuri. Nipumzike kwa mshahara wa nani?

Walizaliwa kabla ya muda. Wapo wazima, wako darasa la nne sasa hivi, namshukuru Mungu. Ila nikisoma hizi mambo za figo roho inaniruka.

Tabibu_Uchagani

Dada usiruke roho. Haya mambo ni uwezekano kuongezeka kidogo kwenye kundi la watu wengi, sio hukumu ya mtoto mmoja mmoja. Wapimwe presha mara mojamoja wakikua, usiwalishe wanenepe haraka eti kufidia, basi.

Ila jibu la yule msimamizi lilikuwa kinyume cha sheria na watu wengi hawajui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza mwajiri kumpa mjamzito kazi inayohatarisha afya yake au ya mtoto. Kazi ya usiku, yani kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, hairuhusiwi miezi miwili kabla ya kujifungua. Likizo ni siku 84 zenye malipo, ukizaa zaidi ya mmoja ni 100. Baba anapewa siku 3.

dereva_wa_noah

Siku 3 mkuu?? Hata mtori haujapoa.

chalii_wa_ngarenaro

Acha kutuletea upande mmoja tabibu. Mi nimesoma hizi vitu chuo. Leningrad je? Walizingirwa kuanzia Septemba 1941 mpaka Januari 1944, njaa mbaya kuliko hiyo ya Uholanzi mara nyingi, watu walikufa kwa malaki. Walipokuja kuwapima waliokuwa tumboni kipindi kile, matokeo yakatoka 1997, sukari zao hazikuwa na tofauti na za wenzao. Hapo unasemaje? Halafu tena watoto wadogo wanazaliwa na maskini, na maskini ndo wanaishi kwenye moshi, wanafanya kazi ngumu, wanakufa mapema. Unajuaje ni tumbo na sio umaskini wa maisha yote?

Tabibu_Uchagani

Hili ndo swali nililokuwa nalisubiria chalii wangu, asante.

La umaskini uko sahihi na ndo maana njaa ya Uholanzi ina uzito, maana iliwakamata waliokuwa nacho na wasiokuwa nacho, na waliozaliwa mwaka mmoja kabla au mmoja baada wako palepale mjini wanalinganishwa nao.

Leningrad sasa. Maelezo yanayoniingia akilini ni haya: kule Uholanzi baada ya Mei 1945 watu walishiba. Leningrad baada ya kuzingirwa dhiki iliendelea miaka, watoto wakakua kwenye uhaba uleule mwili uliojiandalia. Barker na mwenzake Nicholas Hales walishaandika kitu cha namna hiyo 1992, kwamba mwili unaojifunza kubana tumboni unaumia pale unapokuja kukutana na kushiba. Kinachoumiza ni ile tofauti.

Na hapo ndo ninapowaangalia watu wetu naogopa. Mama anabeba mimba huko Same au Simanjiro mwaka wa ukame, anakula mlo mmoja, mtoto anakuja kulelewa Arusha mjini kwa shangazi, asubuhi chapati na chai ya sukari, mchana kiepe na soda, shule anapelekwa na bodaboda. Hajafanya kosa lolote. Na sisi tena tuna hii ya kusifia mtoto kibonge, mtoto katoka njiti anapigwa uji wenye siagi na sukari mpaka mashavu yanashuka, bibi anafurahi, anampiga picha anatuma kwenye grupu la ukoo. Kule Pune, India, walipima wachanga wakakuta wastani kilo 2.7 wakati wa Uingereza ni 3.5, lakini mafuta ya mwilini wa Pune walikuwa wanayo karibu kama wenzao, kilichopungua ni nyama na viungo. Wembamba kwa macho, ndani mafuta. India leo kisukari kimetapakaa.

Kisusio_na_Mtori

Wazungu na ramani zao. Bibi zetu walikunywa mbege wana mimba za miezi nane na wakatuzaa timamu, wengine ni maprofesa. Mbege ina ulezi, ulezi unaongeza damu. Tusianze kutishana.

Tabibu_Uchagani

Meku kwa heshima, ulezi nakubaliana na wewe asilimia zote, una kalsiamu nyingi na madini chuma. Basi apewe kama uji. Pombe ikiwa kwenye damu ya mama inavuka kondo inaingia kwa mtoto, na ini lake halijaweza kuisafisha. 1973 madaktari wawili wa Seattle, Jones na Smith, walieleza watoto wa akina mama walevi, sura ina alama zake, kichwa kidogo, akili nzito. Hiyo ni ile kali. Nyepesi yake haionekani usoni kabisa, unaona mtoto hatulii, hashiki anachofundishwa, mwalimu anamchapa. Kiasi salama cha pombe kwa mjamzito hakijawahi kupatikana. Maprofesa unaowahesabu ni wale waliofika, ambao hawakufika hamna anayewaweka kwenye hesabu.

Kisusio_na_Mtori

Hapo kwenye walimu umenigusa. Tuendelee.

binti_meru

Na meno yetu je? Mi nimezaliwa huku Meru chini, meno ya kahawia, chuo Dar waliniita "maji ya Arusha" mpaka nikaacha kucheka. Ni mambo ya tumboni hayo?

Tabibu_Uchagani

Hapana dada, hayo ni floraidi kwenye maji, volkano za huku ndo zinaleta, na magadi ya kupikia makande yanaongeza. Meno ya mbele ya kudumu yanatengenezwa baada ya kuzaliwa, miaka ya mwanzo. Kwahiyo mjamzito sio wa kulaumiwa, ila maji anayopikiwa uji mtoto mdogo ndo ya kuyaangalia, kama unaweza tumia ya mvua au ya chanzo chenye floraidi ndogo. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya huku vinapita hapo.

Laizer_Monduli

Nichangie na mimi. Kwetu mwanamke akifika miezi ya mwisho anapunguziwa chakula. Wamama wakubwa wanamsimamia kabisa, maziwa kidogo, nyama ya mnyama aliyekufa kwa ugonjwa hapewi, wengine wanapewa dawa ya mti watapike. Sababu ni moja, mtoto asiwe mkubwa. Nesi akija anawagombeza wamama kwamba ni ujinga, wanamsikiliza wakimaliza wanaendelea. Dada yangu alifanyiwa hivyo, alipozaa alikuwa hawezi hata kusimama.

Lakini nikawauliza, yeyoo (mama), mbona mnamtesa? Mmoja akaniambia, wewe unaona hospitali iko wapi?

Tabibu_Uchagani

Laizer hii ndo posti ya uzi huu kwangu.

Wale wamama wamepiga hesabu zao vizuri tu. Kama mtoto akikwama, na gari hakuna, na chumba cha upasuaji kipo masaa mengi kwa barabara ya vumbi, basi mtoto mdogo ndo mama anayebaki hai. Wamechagua mama aishi leo, gharama ya presha ya mtoto miaka 40 mbele hamna anayeiona. Ukitaka waache usianze na semina ya lishe. Weka gari la wagonjwa na chumba cha upasuaji karibu, uone kama hawatamlisha.

Sisemi wafunge wajawazito, upungufu wa damu unaua mama mwenyewe anapojifungua. Nasema tu ni nani alaumiwe.

sista_njiro

Niongezee kitu kuhusu kuchelewa kliniki. Uti wa mgongo wa mtoto unafunga ndani ya siku kama 28 tangu mimba itunge. Wengi siku hiyo hata hujajua una mimba, unahisi tu period imechelewa. Usipofunga vizuri ndo watoto wa mgongo wazi. Foliki asidi, ni aina ya vitamini, inapunguza sana, kuna utafiti ulitoka 1991 kwa akina mama waliokwishapata mtoto wa hivyo, waliomeza kabla ya kushika mimba hatari ikashuka kwa asilimia 72. Kwahiyo vidonge vinavyoanza mwezi wa nne, kwa hilo la mgongo vimechelewa, vinasaidia mengine, damu hasa.

Ndo maana viwanda vikubwa vya unga vinatakiwa kuweka foliki na madini chuma kwenye unga. Ila sisi wengi tunasaga mashine ya mtaani, mahindi kutoka shamba, humo hamna kilichoongezwa. Wasichana mnaopanga kuzaa anzeni kumeza mapema, mikrogramu 400 kwa siku, famasi vipo. Na chumvi nunueni yenye madini joto, msinunue ile ya mawe ya kupimiwa kwenye kisado. Milimani huku rovu, ule uvimbe wa shingoni, lilikuwa jambo la kawaida zamani, na mama akikosa madini joto kabisa mtoto anazaliwa na akili imedumaa.

chalii_wa_ngarenaro

Hapo kwenye madini joto kuna wachumi walitumia data za Tanzania hii hii, mpango wa serikali wa kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto kuanzia miaka ya 80. Wakaandika 2009 kwamba watoto ambao mama zao walimeza walisoma zaidi ya wenzao, wasichana hasa. Baadae wengine wakarudia hesabu zilezile wakaona matokeo hayashiki. Kwamba madini joto ni muhimu kwa ubongo hamna ubishi, ila ile ya "mtoto anaongeza nusu mwaka wa shule" msiitembeze sana.

Tabibu_Uchagani

Sawa kabisa. Ya mafua ya 1918 ndo imesimama zaidi, Marekani, waliokuwa tumboni wakati yanapita walikuja kusoma kidogo na kulipwa kidogo kuliko waliozaliwa kabla au baada, Douglas Almond aliandika 2006. Nayo kuna waliombishia.

MamaPacha_Sakina

Swali la mwisho kwangu. Hivi haya yote mwisho wake si ni mama kuambiwa kosa lako? Umekunywa, umefanya kazi, hujala mboga, umekula udongo. Nilikula udongo mimi, nanunua Kilombero sokoni naficha kwenye pochi, mume wangu alinitangaza kwa ndugu zake wote.

Tabibu_Uchagani

Udongo mara nyingi unaendana na damu kuwa chini, ilitakiwa upimwe damu badala ya kutangazwa.

Na ndicho kilichonileta hapa. Mjamzito hajiamulii kila kitu nyumbani, anakula kilicholetwa, amepewa na nani, baada ya nani. Hapa kwetu kuku anachinjwa mtoto akishazaliwa. Mtori, kisusio, ng'ombe hata, mzazi analishwa miezi mitatu mpaka anang'aa, nyumba nzima inamtumikia, mila nzuri sana sijaona kwingine. Lakini wakati ana mimba ya miezi sita anakata majani ya ng'ombe na kubeba mkungu mzima wa ndizi mgongoni, jioni anapika kwa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha, na moshi wa kuni nao unapunguza uzito wa mtoto. Mkitoa hata nusu ya huo mtori mkauleta mbele miezi mitatu, mkamnyang'anya panga la majani, sisi zahanati tutaona kwenye mizani.

Na kuna kingine. Mtoto wa kike akiwa tumboni wiki ya 20 anakuwa ameshabeba mayai yake yote, mamilioni. Lile yai lililokuwa wewe liliumbwa mama yako akiwa tumboni kwa bibi yako mzaa mama. Ukilisha mjamzito mmoja mwenye binti tumboni umegusa watu watatu.

mangi_wa_kati

Mama yangu kazaliwa 1975, bibi anasema mimba yake aliibeba kwenye njaa ile ya unga wa yanga. Na mi kisukari nakitarajia upande wa baba, sasa naona nimezungukwa huku na huku.

Tabibu_Uchagani

Kisukari cha ukoo wenu kinatosha kukufanya upime, haya mengine usiyabebe. Kapime sukari ya asubuhi kabla ya kula, kila mwaka. Na punguza tumbo, hilo liko mikononi mwako.

dereva_wa_noah

Mi wife ana miezi miwili. Kesho kutwa tunaenda kliniki mara ya kwanza, jirani anasema mwanamke asipokuja na mume anaambiwa akalete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Ni kweli? Na nikienda mimi nafanya nini pale zaidi ya kukaa kwenye benchi?

Tabibu_Uchagani

Kuna vituo wanafanya hivyo ndio, na wanaokuja wawili wanahudumiwa mapema. Mtapimwa wote virusi vya ukimwi na kaswende, kaswende hasa msiipuuze maana inaua watoto tumboni na inatibika kwa sindano. Uliza wingi wa damu yake ni ngapi, andika. Atapewa vidonge vya damu, ukiona hamezi mwulize kwanini, mara nyingi vinamchafua tumbo, ameze na chakula usiku. SP, vile vidonge vya kukinga malaria, zinaanza mimba ikitimiza miezi mitatu na kuendelea. Chandarua alichopewa alalie yeye, asipewe mgeni.

Noah unaondoka nayo saa ngapi asubuhi?

dereva_wa_noah

Saa kumi na moja nipo stendi.

Tabibu_Uchagani

Siku hiyo mpe dei waka akuendeshee. Kliniki inaanza saa mbili.